Stempu za babu, muhuri wa posta na mkasi wangu

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, mnisamehe. Kazi imenibana, na hapa Brussels mvua ya manyunyu imerudi, ile isiyojua kuaga. Leo nina mapumziko. Nimeshasonga ugali, nimeshakaanga dagaa wa kukausha (Wakongo wanawaita ndakala, na bei yake msiniulize!), nimekaa, na nataka tuongee habari ya kitu kidogo sana ambacho wengi wetu hatukitazami mara mbili. Muhuri wa posta.

Kwa wageni: mimi ni nesi, mzaliwa wa Kigoma, na kazi yangu ni kuwahudumia wagonjwa majumbani kwao. Eneo langu ni hapa Porte de Namur na mitaa ya jirani. Ukipanda ngazi kutoka kituo cha metro unakutana na barabara mbili, Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre, na hapo ndipo ilipo Matonge ya Brussels, iliyopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Mtaa huu ulianza kuwa wa Waafrika baada ya wanafunzi wa Kikongo kupata nyumba yao ya kufikia, Maison Africaine, miaka ya mwanzo ya 1960. Siku hizi tuna saluni, mihogo, vitenge, na tangu tarehe 30 Juni 2018 tuna hata uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Mtu wa Kigoma hapa hajisikii mgeni sana. Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi nakisikia kila siku, ingawa wao wananicheka mimi na mimi nawacheka wao.

Sasa, nina mgonjwa mmoja, mzee wa Kibelgiji. Jina lake silitaji kwa sababu ya maadili ya kazi, ila yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia. Namfunga kidonda cha mguu mara tatu kwa wiki. Alizaliwa Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Siku ya kwanza aliponiuliza kwa Kifaransa natoka wapi, nikamwambia Kigoma, akageuza lugha palepale: "Kigoma? Basi mama, sisi ni watu wa mayi moja!" Nilicheka mpaka bandeji ikaniponyoka.

Mzee huyu anakusanya stempu. Yaani nilidhani anakusanya stempu. Kumbe sivyo. Anakusanya bahasha nzima, na kinachomvutia ni ule mduara wa wino uliogongwa juu yake. Stempu peke yake, ananiambia, inakuonyesha serikali ilitaka ionekane vipi. Muhuri unakuonyesha barua ilikuwa wapi, siku gani. Picha ya stempu inachorwa mji mkuu au Ulaya, lakini muhuri umegongwa na karani fulani, kwenye meza fulani, asubuhi fulani. Basi nilivyomaliza kumfunga mguu akanionyesha boksi lake, na tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi.

Ngoja niwape historia kidogo kama alivyonifundisha na kama nilivyosoma mwenyewe.

Muhuri ni mkubwa kwa umri kuliko stempu. Mwaka 1661 huko London msimamizi wa posta aitwaye Henry Bishop alianza kugonga barua alama ya tarehe, kwa sababu watu walilalamika kuwa wabebaji wanazichelewesha. Kwa hiyo muhuri ulizaliwa kama ushahidi. Stempu ya kubandika ilikuja baadaye sana, Mei 1840, hukohuko Uingereza, na Ubelgiji ikafuata Julai 1849. Hapo muhuri ukapata kazi ya pili, kuiua stempu ili isitumike tena. Kazi hizo mbili ndizo unazoziona mpaka leo: kuua stempu, na kutoa ushahidi wa mahali na siku.

Kwetu Afrika Mashariki hadithi ni tamu zaidi. Zanzibar ilikuwa na posta iliyoendeshwa na India, na watu walibandika stempu za India za kawaida kabisa mpaka mwaka 1895. Stempu ile ile ingeweza kutumika Bombay au Unguja, na muhuri tu ndio uliokwambia ilitumika wapi. Mwaka huohuo wa 1895 kule Mengo, Uganda, mmisionari Ernest Millar alitengeneza stempu kwa mashine ya kuandikia, taptap, bei yake imeandikwa kwa simbi, wale kauri waliokuwa fedha ya Buganda! Wajerumani nao walifungua posta zao Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, wakahesabu kwa pesa 64 kwa rupia, halafu kuanzia 1905 kwa heller 100 kwa rupia. Ndiyo heller ile tunayoiita hela mpaka leo. Mihuri yao inasoma UDJIDJI, na mimi mtu wa mwambao ule nilipoiona mara ya kwanza chini ya lenzi ya mzee nilisisimka. Ujiji yetu, imeandikwa kwa Kijerumani, imetulia ndani ya duara dogo kama sarafu.

Halafu mzee akanionyesha kitu ambacho shuleni hatukufundishwa vizuri. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika kwetu, waliochukua Kigoma kutoka kwa Wajerumani hawakuwa Waingereza. Walikuwa Wabelgiji, na jeshi lao la Force Publique lililojaa askari wa Kikongo. Mwishoni mwa Julai 1916 Kigoma ilikuwa mikononi mwao, na siku chache kabla Wajerumani walikuwa wameizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, hiyo hiyo ambayo baadaye iliibuliwa na kuitwa Liemba. Septemba 19 wakaingia Tabora. Generali wao, Charles Tombeur, alirudi kwao na cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora ndani yake. Tabora walimwachia Mwingereza mwaka 1917, lakini Kigoma na Ujiji walizishika mpaka Machi 1921. Miaka karibu mitano! Hata baada ya hapo walibakiwa na maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, waliyokodishiwa milele kwa faranga moja kwa mwaka. Mnasikia hiyo kodi? Mkataba huo wa milele ulikuja kukataliwa na Mwalimu Nyerere tulipopata uhuru.

Katika miaka ile posta yetu ilitumia stempu za Kongo ya Kibelgiji zilizopigwa chapa juu yake kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiflamandi, kusema kuwa hii ni Afrika Mashariki ya Wajerumani chini ya ukaliaji wa Wabelgiji. Lugha mbili hizo hizo ninazozisoma kila asubuhi kwenye kibao cha metro, Porte de Namur na Naamsepoort! Zipo pia stempu zilizogongwa maneno KIGOMA, KAREMA na TABORA, ila mzee anaziogopa, anasema hazikuidhinishwa rasmi na za bandia ni nyingi. Anachokitafuta yeye ni bahasha ya kawaida iliyosafiri kweli, yenye vumbi lake, yenye jina la mtu aliyekuwa akisubiri.

Haya, sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike leo.

Wengi mnakumbuka au mmesikia kwamba zamani Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na posta moja. Kuanzia 1935 stempu zilibeba majina ya nchi zote tatu pamoja. Uhuru ulipokuja, ushirika ukaendelea, na stempu zikaandikwa Uganda, Kenya, Tanzania, majina yakibadilishana nafasi ili asinune mtu. Hata zile ambazo kila nchi ilitoa kwa jina lake zilikubalika katika nchi zote tatu. Hali hii ilikwisha mwaka 1976, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Maana yake ni hii: ukiokota stempu ya mwaka 1970, haikwambii barua ilitoka Kampala, Mombasa au Mpanda. Muhuri peke yake ndio unaojua.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mfanyakazi wa reli ya Afrika Mashariki. Alianzia Kigoma, halafu akahamishiwa Tororo, Uganda, penye makutano ya reli. Bibi alibaki Ujiji na watoto. Barua zilikuja, pesa zilikuja. Mwaka 1976 vyote vikakoma. Ilikuwa enzi ya Idi Amin, halafu Jumuiya ikafa, halafu vita vya Kagera, na Bibi akahesabu kuwa mumewe ameuawa Uganda. Baada ya vita akasomewa hitma. Bibi hakuolewa tena. Kila ilipotajwa Uganda redioni aliinuka akaenda jikoni.

Barua zenyewe mjomba alizipeleka kwenye ofisi moja wakati wa kufuatilia mafao ya wastaafu wa Jumuiya, hazikurudi, na mjomba naye ametangulia mbele ya haki. Lakini bahasha zilikuwa zimebaki, saba, ndani ya kasha la Bibi, zimefungwa na uzi. Bibi hakujua kusoma. Alizijua kwa sura.

Nilikuwa na miaka tisa. Shuleni kulikuwa na wimbi la kukusanya stempu, kila mtoto na daftari lake, tunabadilishana na kutambiana. Nikafungua kasha. Nikachukua mkasi. Nikakata stempu zote saba, mraba safi kabisa bila hata kuacha ukingo, nikaziloweka kwenye bakuli ziachane na karatasi, nikazianika juu ya gazeti. Bahasha zenye matundu nikazitia jikoni kwenye mkaa ili nisigundulike. Mnaona akili ya mtoto? Bibi alipogundua hakunichapa. Aliniuliza tu, "Na zile karatasi?" Nikamwonyesha majivu.

Stempu sita nilizibadilisha. Moja ilibaki kwenye daftari, na daftari nilikuja nalo Ubelgiji kama watu wanavyobeba vitu bila kujua kwa nini.

Nilimsimulia mzee habari hii nikiwa nimepiga magoti nafungua bandeji. Alifumba macho kama mtu aliyebanwa kidole. Ndipo nikajifunza kanuni yao ya kwanza: usikate kamwe. Na ikibidi kukata, acha karatasi ya kutosha kuzunguka muhuri wote. Kwa kawaida stempu hukaa kona ya juu kulia ya bahasha, na karani hugonga nusu ya duara kwenye stempu na nusu kwenye karatasi. Anayekata stempu peke yake anaondoka na nusu ya jina.

Wiki iliyofuata nikamletea ile stempu yangu moja. Akaishika kwa kibano, akaiweka chini ya lenzi. Katikati kulikuwa na 75, mwaka. Juu, kwenye tao la kulia la duara, herufi tatu: ORO.

Nikasema, "Tororo. Ndipo alipokuwa."

Mzee hakujibu. Alichukua karatasi akachora duara, akanieleza. Jina la mji kwenye muhuri hupangwa juu, likiwa limegawanyika sawasawa kushoto na kulia kutoka katikati. Jina fupi linakaa kileleni kama kofia. Jina refu linashuka mabegani. Kwa hiyo ukijua herufi ya mwisho imeteremka mpaka wapi, unaweza kukisia jina lina herufi ngapi. Kisha akaniuliza, kwenu kuna miji gani inayoishia na ORO? Nikafikiri. Tororo, herufi sita. Kisoro, Uganda pia, sita. Na nyingine... ndugu zangu, nilihisi baridi mgongoni kabla sijaitamka. Morogoro. Herufi nane.

Alikuwa na bahasha ya Tororo kwenye boksi lake. Ya Morogoro hakuwa nayo, ila siku chache baadaye aliipata kwenye duka moja la Rue du Midi, mtaa wa wauza stempu na sarafu hapa mjini. Tukaziweka sambamba. Kwenye ile ya Tororo, O ya mwisho imekaa juu, kama saa ya ukutani inapoonyesha saa saba. Kwenye ile ya Morogoro imeshuka zaidi, kama saa nane. Ya babu yangu imeshuka. Tuliweka ya babu juu ya ile ya Morogoro na herufi zikalaliana.

Mnaelewa maana yake? Morogoro iko kwenye reli ya kati. Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma. Ni treni moja bila kubadilisha! Kama babu alikuwa Morogoro mwaka 1975, basi alikuwa ndani ya nchi wakati Bibi anakesha kumwombea huko Uganda. Angepanda behewa akafika nyumbani. Hakupanda.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi karibu na kituo cha metro, nikaacha treni zipite. Nilikuwa na mgonjwa mwingine wa kumdunga insulini na nikachelewa kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Siku iliyofuata mzee mwenyewe alinirudisha duniani. Aliniambia jambo ambalo mwanahistoria yeyote atawaambia: muhuri hausemi barua iliandikwa wapi. Unasema barua iliingia mikononi mwa posta wapi. Akaniuliza, mfanyakazi wa reli, ana rafiki anasafiri, anampa barua, "nipostie ukifika kwenu", haiwezekani? Inawezekana sana. Nani kati yetu hajampa dereva wa basi bahasha? Tena katika enzi ya Amin, mtu mwenye busara aliyeko Uganda asingependa barua yake ipite mikono mingi. Na zaidi, posta moja huweza kuwa na mihuri kadhaa, ukubwa tofauti, kwa hiyo hata vipimo vyetu si neno la mwisho. Zile stempu sita nyingine zingetuonyesha kama ORO ilikuwa mara moja au kila mara. Mara moja ni rafiki aliyesafiri. Mara saba ni makazi. Lakini sita nilizibadilisha kwa biki na kichungio cha penseli.

Nilikaa na siri hiyo wiki mbili. Bibi alifariki mwaka 2011, kwake haidhuru tena. Lakini mama yupo. Nilijiuliza, nimwambie? Hospitalini tunafundishwa kuwa mgonjwa ana haki ya kujua, na pia ana haki ya kutotaka kujua, na unaanza kwa kumuuliza. Basi nikampigia simu, nikamuuliza, "Mama, nikipata habari za babu, hata kama si nzuri, ungependa kuzisikia?" Akasema sema. Nikasema yote, la Morogoro na la rafiki aliyesafiri, yote mawili kwa uzito sawa.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Mama yangu angechagua la rafiki. Mimi nataka kujua." Akaongeza, "Kama nina ndugu Morogoro, watakuwa watu wazima sasa."

Kwa hiyo likizo yangu ya mwaka huu sifikii Kigoma moja kwa moja. Nitashuka Morogoro, niulize wazee wa reli. Huenda nikaambulia patupu. Nitawasimulia.

Mwisho kabisa niwaachie neno. Barua zinakwisha duniani. Denmark, nchi iliyokuwa na posta tangu mwaka 1624, shirika lake la posta lilitangaza mwaka 2025 kuwa linaacha kusambaza barua mwishoni mwa mwaka huo. Hapa kwetu Ubelgiji bahasha nyingi siku hizi zinapita kwenye mashine tu, na kule nyumbani S.L.P. nyingi zimejaa buibui. Bahasha zilizomo kwenye makasha ya bibi zetu hazitaongezeka tena. Basi nawaomba: msizikate. Msizitie jikoni. Hata kama barua imepotea, bahasha peke yake ni shahidi, ina jina, ina mahali, ina siku. Na kabla mzee hajaondoka muulizeni, "Hii ilitoka wapi?" Maana ukimuuliza muhuri, atakujibu nusu.

Je, wewe una bahasha ya zamani nyumbani kwenu? Muhuri wake unasemaje? Na kama kuna mtu wa Morogoro mwenye mzazi aliyefanya kazi reli miaka ya 1970, nisalimieni sana wazee wetu. Pamoja daima!